Riviu ya app ya mechi za zamani, nimeipima kwa beki mmoja tu: Christie Rampone

Nianze na kilichonipeleka huko, maana ukijua mtu alilipia kitu kwa sababu gani ndo utaelewa anasifia nini na analalamikia nini. Mimi nafundisha timu ya mabinti jioni, umri miaka 13 hadi 16, na kuna mtoto mmoja beki wa kati, mzuri kweli, ana mbio, anasoma mchezo, siku moja baada ya mazoezi akanifuata akaniambia kocha naomba unihamishie mbele. Nikamuuliza kwa nini akasema, "Kocha, huku nyuma hakuna anayeniona." Pale pale sikuwa na jibu la maana kwa hiyo nikamwambia nipe wiki mbili nikutafutie mtu wa kumwangalia, na mtu niliyekuwa naye kichwani ni Christie Rampone, nahodha wa zamani wa timu ya wanawake ya Marekani, namba 3 mgongoni, mechi 311 za timu ya taifa na magoli 4. Hayo magoli 4 yashikilie, tutarudi hapo.

Basi nikalipia mwezi mmoja kwenye app moja ya kuangalia mechi za zamani. Jina siliweki, maana kasoro nitakazosema nimezikuta pia kwenye nyingine mbili nilizowahi kutumia, kwa hiyo sioni haki kumbebesha mmoja. Ninachotaka ujue ni kama huduma ya aina hii inamfaa mtu anayetaka kumfuatilia beki mwanzo mpaka mwisho wa maisha yake ya mpira. Jibu langu fupi ni inafaa kwa sharti moja, uangalie mechi nzima tu na hizo hailaiti uachane nazo kabisa. Jibu refu ndo hili.

Siku ya kwanza nikaandika Rampone kwenye sehemu ya kutafuta, zikaja klipu tisa. Tisa kwa mtu aliyecheza mechi 311! Nikazifungua moja moja. Nne ni magoli ya straika mwenzake Abby Wambach, Rampone anaonekana sekunde mbili tatu anakimbilia kupongeza. Moja ni ya kunyanyua kombe 2015, mbili ni mahojiano, moja ni timu inaingia uwanjani yeye yuko mbele na kitambaa cha unahodha, na ya mwisho ni kosa lake, hiyo nitaielezea chini maana iliniuma. Hakuna hata klipu moja anakaba mtu. Nikadhani nimekosea setingi, nikahangaika na vichujio vyote vya nafasi, mwaka, mashindano, hakuna kitu. Baadaye nikaelewa mfumo wao unavyofanya kazi, jina la mchezaji linaunganishwa na tukio, na matukio wanayoyatambua ni goli, kadi, penati, kipa kuokoa, mtu kuingia au kutoka, na tuzo. Sasa beki akisimama mahali sahihi ile pasi ya kupenyeza haipigwi, isipopigwa straika hapati shuti, na shuti lisipokuwepo hawana pa kuandika jina la huyo beki. Yaani anavyozidi kuwa mzuri ndivyo anavyozidi kupotea kwenye app. Mtoto wangu kule mazoezini alikuwa sahihi kabisa na mimi ndo nimelipia kuhakikisha.

Kitu kingine cha kutafuta kilichonipotezea jioni nzima ni jina. Huyu mama alianza timu ya taifa 1997 kwa jina la Christie Pearce, kombe la dunia la 1999 yumo kwenye kikosi kama Pearce, Olimpiki ya Sydney 2000 ni Pearce, Rampone ni jina lililokuja baada ya kuolewa, na siku hizi amerudi kutumia Pearce. App inawachukulia kama watu wawili tofauti. Ukiandika Rampone hupati chochote kabla ya hapo, ukiandika Pearce unapata 1999 na 2000 halafu historia inakatika kama vile mtu alistaafu. Hili si tatizo la Rampone peke yake, wachezaji wengi wa kike wanabadilisha majina, hata Julie Johnston aliyecheza beki wa kati kwenye fainali ya 2015 sasa ni Julie Ertz. Huduma inayouza historia ya soka la wanawake halafu haijui kwamba wanawake wanabadilisha majina, hapo mimi natoa alama kabisa. Kuunganisha majina mawili ya mtu mmoja ni kazi ya mchana mmoja tu.

Sasa mazuri, na mazuri yapo, tena mengi.

Ukishaachana na kutafuta kwa jina ukaingia kwa njia ya mashindano, yaani unachagua kombe la dunia, mwaka, hatua, mechi, pale ndo pesa yangu ilirudi. Mechi nzima, dakika zote, bila kukatwa, na kitufe cha kurudi nyuma sekunde 10. Hicho kitufe ndo kitu bora kuliko vyote kwenye app hii kwa mtu wa beki. Nilivyokuwa naangalia ni hivi, wapinzani wakianza shambulizi nasubiri liishe, halafu narudisha sekunde 10, mara nyingine 20, nasimamisha, naangalia namba 3 amesimama wapi kabla mpira haujafika upande wake. Kisha naachia tena. Ukifanya hivyo mechi moja inakuchukua saa tatu lakini utaona vitu ambavyo hukuwahi kuviona hata kama mechi yenyewe uliiangalia siku ile ile inachezwa.

Nilianza na robo fainali ya 2011, Marekani na Brazil, Dresden Ujerumani, tarehe 10 Julai. Kila mtu anaikumbuka hii mechi kwa kichwa cha Wambach dakika ya 122, krosi ya Megan Rapinoe, ikawa 2-2 halafu Marekani wakashinda penati 5-3. Sawa, na mimi nilishangilia siku ile. Lakini rudi kwenye dakika ya 65, Rachel Buehler, beki wa kati mwenzake Rampone, anapewa kadi nyekundu kwa kumwangusha Marta, penati, Hope Solo anaokoa, mwamuzi anaamuru irudiwe, Marta anafunga, 1-1. Kutoka hapo Marekani wako 10 mpaka dakika 90 zinaisha, halafu zinakuja dakika 30 za nyongeza, na mbele yao yuko Marta na Cristiane. Rampone siku hiyo ana miaka 36 na kidogo, mtoto wake wa pili alizaliwa Machi 2010, yaani miezi 16 tu nyuma. Nilikaa na hizo dakika za watu 10 usiku mbili. Anaongea muda wote, mkono wake haushuki, anawapanga wenzake, anawasogeza kushoto, anawaita ndani. Brazil wakipata mpira katikati yeye tayari ameanza kurudi hatua tatu nne kabla pasi haijaondoka, kwa hiyo pasi ikija inaonekana kama mbio za sawa kwa sawa kumbe yeye alishaanza mapema. Watu walikuwa wanasema ana mbio, na ni kweli alikuwa nazo hata uzeeni kimpira, ila ukirudisha hizo sekunde 10 unagundua nusu ya mbio zake ni kichwa.

Marta alipata lake la pili mwanzoni mwa muda wa nyongeza, sikatai, Brazil wakawa mbele 2-1. Lakini halikuja la tatu, na la tatu lingekuja basi kile kichwa cha dakika ya 122 kingekuwa cha kufutia machozi tu. Hailaiti ya mechi hiyo ndani ya app ni dakika nane, nimehesabu namba 3 anagusa mpira mara mbili.

Halafu kuna fainali ya Olimpiki ya London 2012, Wembley, 9 Agosti, watu 80,203 uwanjani, Marekani 2 Japani 1, magoli yote mawili ya Carli Lloyd. Hii ndo iliyoniuma niliyosema. Kwenye hailaiti Rampone anaonekana mara moja, dakika ya 83, mpira uko miguuni kwake karibu na boksi, anachelewa, Mana Iwabuchi anampora, anabaki yeye na kipa, Solo anaruka anaupangua. Ndo hiyo klipu ya tisa. Wameiweka jina lake kwa sababu okoaji la Solo ni tukio. Mtu akiingia leo kwenye hiyo app bila kumjua, atakachoona kuhusu beki wa mechi 311 ni kwamba aliporwa mpira kwenye fainali. Lakini fungua mechi nzima, kipindi cha kwanza, Nahomi Kawasumi anapiga mpira unaelekea wavuni na Rampone yuko kwenye mstari wa goli anauondoa. Lile halimo kwenye hailaiti. Lingeingia lile ingekuwa 1-1 mapema na Japani wale walivyokuwa wanapigiana pasi, sijui, ile fainali ingekuwa nyingine kabisa. Nimemwandikia mtu wa huduma kwa wateja nikamweka dakika na sekunde kabisa nikamwomba waliongeze, nitasema chini alinijibu nini.

Na simtetei kwa lile kosa. Nilimwonyesha yule binti yote mawili, kwanza la kuokoa kwenye mstari halafu la kuporwa, makusudi, maana beki anayefikiri kwamba wakubwa hawakosei ataogopa mpira maisha yake yote. Alichoniuliza ni kimoja, "Baada ya kuporwa alifanya nini?" Tukarudisha. Baada ya kuporwa anageuka anakimbia kumfukuza Iwabuchi, na Solo akishaupangua yeye yuko tayari ndani ya boksi anaelekeza watu wa kona. Hilo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona mara ya kwanza.

Upande wa ufundi sasa. Picha za 2011 kuendelea ni safi, ukiwa na intaneti ya kawaida hazikwami. Za 1999 na 2003 ni za ule mraba wa zamani, pembeni weusi, namba za jezi unazisoma kwa shida mtu akiwa mbali, na ndo hapo beki anapotesa maana kamera inafuata mpira, timu ikishambulia mabeki hawapo kwenye picha kabisa. Hili si kosa la app, walirusha hivyo wakati huo. Ila mashindano ya miaka ya karibuni huwa kuna ile kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja, makocha wanaitumia, na app ikiwa inaomba hela ya mwezi mimi naona hiyo kamera ingekuwepo kama chaguo, hata kwa mechi za kuanzia nusu fainali tu. Kwa kocha ingekuwa dhahabu. Kupakua mechi ukaangalia baadaye bila intaneti inawezekana, lakini baada ya siku chache inajifuta, andaa muda wako. Kwenye simu kitufe cha sekunde 10 ni kidogo mno unakigusa unajikuta umefunga video, kwenye tableti ni raha.

Watangazaji ni wale wale wa siku ya mechi na hakuna namna ya kuwazima ukabaki na sauti ya uwanja. Ningelipa zaidi kwa hilo. Rampone alikuwa anapaza sauti, na sauti ya nahodha nyuma ni nusu ya kazi yenyewe, sasa unasikia mtangazaji anaelezea straika alizaliwa wapi wakati chini yake kuna mtu anapiga kelele za maana.

Tukija kwenye mapengo, hapa lazima niwe mkweli, ukitaka kazi yake yote huipati. Kombe la dunia liko vizuri, yeye alikuwa kwenye vikosi vya 1999, 2003, 2007, 2011 na 2015, matano, na mechi nyingi za mtoano zipo nzima. Olimpiki ni mashindano ya watu wengine na haki za picha ni za watu wengine, FIFA ana zake na kamati ya Olimpiki ina zake, kwa hiyo app nyingi zina moja halafu nyingine ni vipande. Hii ya kwangu ilikuwa na fainali ya 2012 nzima na ile nusu fainali ya Canada pale Old Trafford, 4-3, goli la Alex Morgan dakika ya 123, lakini Athens 2004 na Beijing 2008 ni klipu tu. Na Beijing ndo Olimpiki yake ya kwanza kama nahodha! Walifungwa mechi ya kwanza 2-0 na Norway, wakainuka, wakaenda kuchukua dhahabu kwa kuwafunga Brazil 1-0 muda wa nyongeza, Lloyd tena. Brazil wale wale waliowapiga 4-0 nusu fainali ya kombe la dunia mwaka mmoja tu kabla. Mtu anayetaka kujua safu ya ulinzi inavyojengwa upya ndani ya mwaka mmoja angehitaji hizo mechi mbili, ya 2007 nimeipata, ya 2008 nimepewa dakika sita.

Pengo kubwa kuliko yote kwangu ni ligi. 2009 kulikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani ikiitwa WPS, Rampone alikuwa Sky Blue FC ya New Jersey. Msimu ule timu ilipitia makocha wawili, wote wakawa hawapo, ikabidi yeye beki wa kati awe kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Wakaingia mtoano wakiwa wa nne, wakashinda ugenini, wakashinda tena ugenini, wakaenda fainali kucheza na Los Angeles Sol waliokuwa na Marta mfungaji bora wa ligi, wakawafunga 1-0, goli la Heather O'Reilly, 22 Agosti. Na muda wote huo alikuwa na ujauzito wa miezi ya mwanzo, wenzake hawajui, aliwaambia baada ya ubingwa. Kocha, beki, nahodha, mjamzito, anamkaba Marta. Kama kuna dakika 90 moja tu ningepewa kuchagua kwenye maisha yake yote ni hiyo, na app haina hata picha yake. Ile ligi yenyewe ilishakufa, labda ndo sababu, lakini huduma inayojitangaza kuwa ni maktaba ya soka la wanawake ilipaswa kuitafuta hiyo mechi kwa udi na uvumba.

Na kwa sisi wa bara hili pengo ni baya zaidi. Nilijaribu kumtafuta Janine van Wyk, beki wa Afrika Kusini aliyestaafu 2023 na mechi 185, namba iliyopita rekodi ya Afrika ya Ahmed Hassan wa Misri aliyekuwa na 184, wanaume na wanawake wote ndani. Nilipata mechi za kombe la dunia 2019 basi. AFCON ya wanawake za nyuma hakuna. Onome Ebi wa Nigeria, beki, vikosi sita vya kombe la dunia kuanzia 2003 hadi 2023, unampata kombe la dunia tu, nyumbani Afrika alikochukua makombe humwoni. Kwa hiyo kama lengo lako ni mabeki wa Kiafrika mimi kwa sasa sikushauri ulipie, subiri.

Ukurasa wa mchezaji nao uangaliwe. Wa Rampone umeandikwa mechi 311, magoli 4, medali. Basi. Hakuna mara ngapi alipora mpira, hakuna mipira aliyoondoa, hakuna mechi ambazo hawakufungwa. Straika ana grafu za rangi. Sawa, takwimu za kukaba za 1999 hawakuchukua, naelewa, lakini za miaka ya mwisho zinapatikana na hazipo. Halafu wasifu wake ni mistari mitatu na wameacha kitu ambacho kwangu ndo mwanzo wa kila kitu, kwamba chuoni pale Monmouth alikuwa mshambuliaji, mfungaji kabisa, na alicheza kikapu pia, ni kocha Tony DiCicco aliyemrudisha nyuma alipofika timu ya taifa. Mtu alitoka mbele akaenda nyuma akakaa huko miaka 18. Nilipomwambia yule binti hilo alinyamaza muda mrefu.

Afya yake nayo ingetajwa. 2011 aligundulika na ugonjwa wa Lyme, ule unaoambukizwa na kupe, unachosha viungo na mwili mzima, na bado mwaka uliofuata akanyanyua dhahabu London akiwa na miaka 37, dhahabu ya tatu ukijumlisha 2004 na 2008, na fedha ya 2000 kando. Nilikuwa naangalia zile dakika za mwisho za Wembley nikijua hilo na macho yangu yalikuwa tofauti kabisa.

Mechi ya mwisho niliyoangalia kabla mwezi haujaisha ni fainali ya 2015, Vancouver, 5 Julai, Marekani 5 Japani 2. Kila mtu anaifungua kwa ajili ya Lloyd, hatriki ndani ya dakika 16, la tatu lile la kupiga toka katikati ya uwanja. Mimi nilivuta mpaka dakika ya 86. Anatoka Alex Morgan, straika, anaingia Rampone, miaka 40 na siku 11, wa mwisho aliyebaki kucheza kutoka kikosi cha 1999. Kitambaa kimeshahamia kwa wengine, nafasi yake ya kati wanayo Becky Sauerbrunn na Johnston, sehemu kubwa ya mashindano haya amekaa benchi. Anaingia dakika chache anafanya yale yale, mkono juu, anapanga watu, anamwita mtu ndani, na matokeo ni 5-2 hakuna hata hatari. Hakulegeza. Hapo app ilinishangaza vizuri maana hiyo sabu wameitambua kama tukio, jina lake lipo, unabonyeza unapelekwa moja kwa moja kwenye dakika. Kwa hiyo wanaweza wakitaka.

Huduma kwa wateja walinijibu baada ya siku nne, kwa adabu, mtu wa kweli si roboti. Kuhusu majina mawili alisema amepeleka kwa wahusika, na kweli kabla mwezi wangu haujaisha nikiandika Pearce inanipendekezea Rampone, ingawa Rampone bado hainipeleki kwa Pearce. Kuhusu ile ya kuokoa kwenye mstari alisema hailaiti zinakuja zimeshakatwa na mwenye haki, wao hawawezi kuzigusa, ila wanafikiria kumruhusu mteja akate klipu zake mwenyewe azihifadhi kwenye akaunti. Wakileta hicho kitu mimi nalipia mwaka mzima siku hiyo hiyo, maana nitakata kila sekunde ya namba 3 iliyomo humo. Kujitoa ni rahisi, mibonyezo mitatu, hakuna kukuzungusha, na hilo nalisifu kwa sababu wengi wanakuficha mlango wa kutokea.

Nyota natoa tatu kati ya tano. Mechi nzima na kile kitufe cha sekunde 10 vinastahili nne na nusu, utafutaji na ukurasa wa mchezaji vinastahili moja. Kama wewe ni kocha, au una binti anayecheza nyuma, lipia mwezi mmoja, ingia na orodha yako mkononi, anza na Dresden 2011, kisha Wembley 2012, kisha dakika nne za Vancouver. Angalieni pamoja, na yeye ndo ashike kitufe.

Yule wangu hajaomba tena kuhamia mbele. Jumamosi iliyopita tulicheza, tukashinda 1-0, na baada ya mechi alinifuata ananiuliza kama kuna mtu aliyechukua video ya mechi nzima.